Naomba Kuoga Peke Yangu

Watu wanaosema wamekwenda Japani kupumzika, sijui huwa wanakwenda Japani ipi. Ile niliyoiona mimi iko juu milimani, mkoa wa Nagano, na kupumzika kwake kuna ratiba, kuna sare, kuna kodi, na kuna masharti yaliyobandikwa ukutani pamoja na michoro ya watu wasio na nguo. Nimewahi kufanya kazi chini ya mabosi wakali, lakini hakuna aliyenipangia mpaka namna ya kushika taulo.

Chanzo cha yote ni goti la baba mkwe. Mzee ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Bukoba, na goti lake la kulia lilianza kulalamika mara tu alipostaafu. Mwanawe, yaani shemeji yangu, anafanya kazi mjini Nagano. Siku moja akampigia simu akamwambia kwamba huku milimani kuna chemchemi za maji moto, na Wajapani wamezitegemea tangu enzi za mababu kwa maumivu ya viungo. Mzee akasema atakuja. Ukoo ukakaa kikao. Ikaonekana hawezi kusafiri peke yake, na mtu mwenye nafasi ni mimi, kwa sababu mimi naandika safu gazetini, na kuandika safu, kwa upande wa ukweni, hakujawahi kuhesabiwa kuwa ni kazi.

Kikao hicho kiligusia viza, makoti, dawa za presha, na zawadi ya kahawa. Suala la nguo za kuogea halikuguswa na mtu.

Naomba nieleweke. Baba mkwe kwetu ni mtu wa kusalimiwa ukiwa umeinama kidogo na vifungo vyote vimefungwa. Miaka yote ya ndoa yangu, mzee yule hajapata kuniona hata na kaptula. Akibisha hodi Jumapili bila taarifa, mke wangu humkaribisha sebuleni na kumweka kwa maneno, huku mimi niko chumbani natafuta suruali. Tumeishi hivyo kwa amani na heshima, yeye hajui nina kitovu cha namna gani, wala mimi sina haja ya kujua chake. Sasa nenda kamweleze Mjapani jambo hilo.

Shemeji hakupata ruhusa kazini, akatukabidhi karatasi ya safari yenye saa na dakika. "Shemeji, treni ikiandikwa saa nne na dakika sita, usije ukafika saa nne na dakika saba ukadhani utamwita kondakta." Karatasi ilianzia hekalu la Zenko-ji, palepale mjini. Ni hekalu kubwa kwelikweli, jengo lake kuu ni la mwaka 1707, na ndani imehifadhiwa sanamu ya Buddha ambayo haonyeshwi mtu yeyote. Hata nakala yake hutolewa hadharani mara moja tu katika miaka kadhaa. Chini ya sakafu kuna njia nyembamba yenye giza totoro, unapita ukipapasa ukuta kwa mkono wa kulia mpaka uguse ufunguo wa chuma ulioko chini ya sanamu ile, na ukiugusa, wanasema, umejihakikishia pepo. Kwa hiyo nimelipa kiingilio nikashuka gizani kutafuta nisichokiona, chini ya kitu kisichoonwa, huku baba mkwe amenishika bega kwa nyuma akiuliza kila hatua mbili: "Mkwe, umeupata?" Aliupata yeye. Mimi niliupita.

Kutoka Nagano mjini hadi kituo cha mwisho, Yudanaka, tulipanda treni ambayo zamani ilikuwa ikibeba abiria wa uwanja wa ndege wa Narita, na sasa imestaafishwa milimani. Mzee alilipenda sana wazo hilo. Njia nzima ni mashamba ya matufaha. Matawi makavu, theluji mpaka magotini. Alitaka kujua wanapalilia lini. Sikuwa na jibu, nikamwonyesha mlima.

Tukafika Shibu. Sitaikosea haki Shibu: ni kijiji kizuri, kichochoro kimoja kirefu kilichosakafiwa kwa mawe, nyumba za mbao zimebanana pande zote mbili, na mvuke unatoka penye mifereji. Kuna nyumba moja ya wageni, Kanaguya, yenye jengo la mbao la ghorofa nne lililokamilika mwaka 1936, na taa zake zikiwashwa jioni watalii hujipanga nje na kamera kana kwamba kuna bibi harusi anatoka. Sisi hatukulala humo. Shemeji alitazama bei, akatutafutia nyingine upande wa nyuma.

Hapo ndipo sare ilipoingia. Ukishapewa chumba unapewa yukata, vazi la pamba la kufunga kwa mkanda, na ndilo utakaloshinda nalo, utakalolia chakula, utakalotembelea barabarani. La kwangu liliishia chini kidogo ya goti. Mzee alivaa la kwake haraka, akafunga mkanda kwa mkao wa mtu anayekwenda kuhutubia mahafali, akatoka ukumbini. Mhudumu mmoja, mama mtu mzima, alipomwona akaguna, akaweka sinia chini, akamjia mbio kwa vihatua vidogovidogo, akamfungua mkanda palepale mbele yangu na kumvika upya. Tukatazamana. Mama akatoa simu, akaandika, simu ikasema kwa Kiingereza: upande wa kushoto ndio hukaa juu, upande wa kulia ukikaa juu, hivyo huvishwa maiti.

Mzee alinigeukia taratibu. "Mwambie bado."

Chumba ni kimoja. Tulipotoka kula tulikuta magodoro mawili yametandikwa sakafuni, yamegusana, mito imelala bega kwa bega. Nililivuta la kwangu hadi ukutani, na asubuhi yake yule mama, kwa wema wake wote, akalirudisha.

Lakini nilikuwa naelekea kwenye maji. Sheria ya Japani ya mwaka 1948 inasema maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi yanastahili kuitwa chemchemi ya moto, na hata yakiwa chini ya hapo yanaweza kupita kwa kuwa na madini fulani. Isingekuwa hilo sharti la kutoka ardhini, tangi langu la juu ya paa pale Dar es Salaam mwezi wa Februari lingekuwa kivutio cha kitaifa. Maji ya Shibu yenyewe hayana mchezo wa nyuzi 25. Yanatoka yakiunguza, na katika mabafu yale kuna mfereji wa maji baridi wa kuyapooza, ambao nitaurudia, kwa sababu nina la kusema juu yake.

Mabafu ya kijiji yako tisa, vijumba vya mbao vilivyotawanyika kando ya kichochoro na vinafungwa kwa kufuli. Mgeni anayelala kijijini hupewa ufunguo unaofungua vyote. Kila bafu lina namba na maradhi yake: la kwanza tumbo, jingine ukurutu, jingine mishipa, la sita macho, la nane magonjwa ya wanawake, na la tisa, kubwa kuliko yote, ni la kila kitu. Unanunua kitaulo, unakigonga mhuri kwenye kila mlango, na ukimaliza unapanda ngazi za mawe hadi hekalu dogo juu ya kilima ugonge mhuri wa mwisho. Wanasema mateso yako yamefutwa na umri umeongezwa.

Nilipomsomea mzee maelezo hayo nilisisitiza neno "kila kitu" mara mbili, kwa matumaini kwamba tungeanzia la tisa tukaishia hapohapo. Nilisahau nazungumza na mwalimu mkuu.

"Yote tisa, mkwe. Mtu hafanyi mtihani akaruka maswali."

Basi tukatoka usiku, kwenye baridi ya kuuma meno, tumevaa pamba nyepesi na viatu vya mbao ambavyo mtu wa Pwani angevitambua mara moja kuwa ni mtalawanda. Lakini mtalawanda ulibuniwa kwa sakafu ya msalani, si kwa mteremko wenye barafu. Mzee ameshika mkono wangu. Mimi nimeshika ukuta.

Bafu la kwanza. Unafungua, unajifungia kwa ndani, na uko kwenye chumba cha kuvulia nguo chenye upana wa kutosha watu wawili wasiofahamiana sana. Kuna rafu, kuna kikapu. Niligeukia rafu yangu, nikaanza kukunja mkanda. Nikaukunja vizuri. Nikaukunjua, nikaukunja tena. Nyuma yangu sikusikia sauti yoyote ya kusita. Mzee alikuwa ameshamaliza, amesimama na kitaulo begani, na akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kwa watoto waliochelewa paredi: "Vua, mkwe. Tuna mabafu manane mbele."

Kitaulo nacho, nikiseme. Kina ukubwa wa leso ya mtu mwenye mafua makali. Huruhusiwi kukitia majini. Wajapani hukikunja wakakiweka utosini. Maana yake ni kwamba kitambaa pekee ulichonacho duniani, wakati unakihitaji kuliko siku nyingine yoyote, kinatakiwa kikae kichwani. Na kabla hujaingia majini sharti ujisugue kwanza kwa sabuni, umekaa juu ya kigoda kifupi, ujimwagie kwa ndoo ya mbao mpaka utakate kabisa. Yaani unaoga ili uruhusiwe kuoga. Mimi katika muda wote huo nilikuwa naangalia juu. Ukitaka kujua dari za mabafu ya Shibu zilivyojengwa, boriti kwa boriti, niulize.

Ndani ya birika tulimkuta babu mmoja wa palepale kijijini, amezama mpaka shingoni, macho kayafumba. Nikachovya dole gumba la mguu. Nikalitoa. Nikatazama mfereji wa maji baridi, nikaufungua kidogo, kidogo tu. Babu akafumbua jicho moja. Hakusema neno. Lakini nimeishi na wazee, najua jicho la namna ile linasema nini katika lugha yoyote. Na kabla sijapata nafasi ya kujitetea, baba mkwe, ambaye alikuwa hajatia hata kidole, akasema: "Funga hiyo. Usituaibishe mbele za watu." Kisha akashuka. Akashuka moja kwa moja, goti na vyote, akavuta pumzi moja ndefu, akatulia. Babu akatikisa kichwa kwa heshima. Mzee naye akatikisa. Mimi nikashuka kwa awamu, nikipitia hatua ambazo sitaki kuzieleza kwenye gazeti la familia.

Ndani ya dakika chache wale wawili walikuwa wanazungumza. Mmoja Kijapani, mwingine Kihaya akichanganya Kiswahili. Babu alinyoosha mguu nje ya maji akaonyesha goti lake, la kushoto. Mzee akainua la kwake, la kulia. Wakatumia ishara za mikono kuonyesha ngazi, kisha kupanda, kisha uchungu, wakacheka. Mimi katikati yao, nimeiva mpaka kichwani, kitaulo utosini, sina pa kutazama isipokuwa kule juu kwenye boriti zangu.

Ndipo babu akatoka majini, akakaa kwenye kigoda, na akatoa ishara kwa mzee amkalie mbele. Akachukua kitambaa chenye sabuni, akamsugua mgongo. Ni desturi yao ya zamani, watu huoshana migongo bafuni. Nikaona, sawa, utamaduni, tumejifunza. Babu alipomaliza akavaa, akainama, akaenda zake. Tukahamia bafu la pili. Mzee akakaa kwenye kigoda, akanipa mgongo, akasubiri.

Nilijifanya naisoma bei ya sabuni.

"Mkwe. Mgongo."

Nimemwoa binti yake kwa mahari kamili. Nimejenga choo cha kisasa kijijini kwake. Sijui ni kipengele gani cha mahari nilichoacha kukisoma, lakini kuanzia bafu la pili hadi la tisa nilimsugua baba mkwe mgongo, na alikuwa na maoni: juu zaidi, kushoto, usibembeleze, huo si ukoko wa sufuria. Kwenye la nane nilijaribu kuokoa angalau moja. Nikamwambia, baba, hili ni la magonjwa ya kina mama, halituhusu. Akafikiri kidogo. "Mama yako mkwe hakuweza kuja," akasema. "Nitamwakilisha." Akaingia.

Zile ngazi za kwenda hekaluni baada ya bafu la tisa alizipanda mbele yangu. Naliandika hili kwa uchungu: goti lililotutoa Bukoba, likatupitisha viwanja vya ndege kadhaa kwa kiti cha magurudumu, lilipanda ngazi za mawe zenye theluji, usiku, kwa mtalawanda, na juu kabisa likanisubiri.

Kesho yake karatasi ya shemeji ilisema nyani. Bonde la Jigokudani, juu kidogo ya Shibu, lina hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1964, ambako nyani wa milimani huingia kwenye birika la maji moto wakati wa baridi, wakakaa humo na theluji inawaangukia kichwani. Unatembea msituni kama kilomita moja na nusu. Ndio waliotokea kwenye jalada la jarida la Life mwaka 1970, na tangu hapo dunia nzima inapanda kilima kile. Mzee alisimama kwenye ukingo wa birika akiwatazama kwa muda. Nyani mmoja jike, uso mwekundu, amefumba macho, mikono ameiegemeza kwenye jiwe, na mtoto wake anamchambua nywele za shingoni.

"Mimi," akasema mzee, "nimewafukuza nyani kwenye mahindi kwa mawe tangu nina miaka sita. Leo nimelipa kiingilio niwaone wakioga."

Nikamweleza kwamba hata wakulima wa matufaha wa Nagano wana ugomvi wa siku nyingi na nyani. Akaonekana kufarijika. Kuna utafiti pia, uliochapishwa mwaka 2018 na watu wa Chuo Kikuu cha Kyoto: walikusanya kinyesi cha majike wa pale, wakapima homoni za msongo, wakakuta zinapungua wanapoyatumia maji yale, na kwamba wenye cheo kikubwa katika kundi ndio wanaokaa majini muda mrefu zaidi. Nayaamini matokeo hayo neno kwa neno. Nimeona kwa macho yangu mwenye cheo akikaa majini. Msongo wa yule mwingine hakuna aliyeupima.

Kwenye bili ya nyumba ya wageni palikuwa na mstari mdogo wa yen 150 kwa kila kichwa. Nikauliza. Ni kodi ya kuoga. Halmashauri zenye chemchemi huitoza, iko kisheria, na yen 150 ndicho kiwango cha kawaida. Sina zaidi la kusema hapo, ila nawaomba watu wa mapato wa kwetu waruke aya hii.

Sehemu pekee ambayo mimi na mzee tulisimama upande mmoja ilikuwa dukani, tukingoja basi. Muuzaji, kijana mchangamfu, alitufungulia kopo dogo huku anacheka kwa ndani, maana alishazoea wageni kupiga kelele. Humo mlikuwa na panzi waliopikwa, weusi, wanang'aa. Nagano wanakula panzi tangu zamani. Kijana akasubiri tushtuke. Mzee wa Bukoba, aliyelelewa kwa senene, alichukua mmoja kwa vidole viwili, akamkagua miguu, akamtia kinywani, akatafuna. Kijana akaacha kucheka. Mzee akaacha kutafuna.

"Wametia sukari."

Ni kweli, huwapika kwa sosi ya soya na sukari. Nilimwonja na mimi, nikathibitisha. Mzee aliyeyavumilia maji ya kuchemsha mahindi, vazi la maiti na theluji ya magotini, hapo alikasirika kweli. Alimweleza yule kijana kwa Kiswahili fasaha, kwa kidole, kwamba senene hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi, basi. Akanunua makopo mawili ili akawaonyeshe watu nyumbani uharibifu huo.

Kwenye treni ya kurudi alikuwa na kijikaratasi cha rangi alichookota kituoni. Kusatsu, mkoa jirani wa Gunma, ng'ambo ya milima ileile. Nikatafsiri kwa simu, kwa sauti ya chini, nikitarajia mtandao ungekatika. Haukukatika. Zaidi ya lita 32,000 za maji kwa dakika. Asidi kali, pH inayokaribia 2. Daktari wa Kijerumani Erwin Bälz, aliyekuwa akihudumia ikulu ya mfalme wa Japani, aliyasifu sana. Maji yake hayapoozwi kwa kuongezwa maji baridi, kwa hofu ya kuyazimua. Hukorogwa kwa mbao ndefu mpaka yapoe yenyewe.

"Hakuna mfereji wa baridi," akasema mzee, na nikaona ameridhika.

Usiku ule mbele ya shemeji nikatoa hoja yangu, kwa adabu zote, nimefunga vifungo. Nikasema mimi wajibu wangu nimeutimiza, na kwa kuwa wiki ijayo shemeji ana siku mbili za mapumziko, Kusatsu ingekuwa zamu ya mtoto wa kuzaa, damu kwa damu, ndivyo inavyopendeza.

Shemeji akaitazama miguu yake. Mzee akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Huyu mkono wake mwepesi," akasema. "Hajui kusugua."